Subaru inakaza kona kwenye lami kavu: usikubali kubadilishiwa giaboksi bado

SWALI

Shikamoo fundi. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na huu ulikuwa msimu wangu wa pili wa baridi. Mwezi wa kumi na moja nilinunua Subaru Outback ya 2003, otomatiki, injini ya lita 2.5, imetembea maili 168,000. Mwezi uliofuata matairi ya mbele yalikuwa kipara, nikanunua mapya mawili kwa sababu fedha ilitosha mawili tu. Gari limenipeleka kazini zamu ya usiku baridi yote bila shida. Lakini tangu theluji iyeyuke, nikikata kona kali kwenye maegesho linakaza kama mtu kashika breki za nyuma, kisha linaruka. Gereji moja imeniambia giaboksi imekufa, nitoe dola 3,000. Tena nikijaza mafuta nasikia harufu ya petroli kwa nyuma, na kutu imeanza kula madigadi. Nilitengeneze au niliuze chuma chakavu?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umetaja jambo moja ambalo huenda kwako lilikuwa la kupita tu: gari halikusumbua theluji ilipokuwapo, likaanza ilipoyeyuka. Jibu la nusu ya swali lako liko hapo.

Gari likikata kona, kila tairi linapita njia yake. Matairi ya mbele yanazunguka duara kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo ekseli ya mbele inataka kwenda haraka zaidi. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu mawili hilo halina athari, maana mbele na nyuma hazijafungwa pamoja. Kwenye fowili zimeunganishwa kwa propela, na lazima katikati pawe na kitu kinachoziachia zitofautiane. Aliyewahi kuendesha Hilux ya zamani kwenye barabara zetu za vijijini anajua: ukishatoka kwenye tope unarudisha liva 2H, yaani kuvutwa na magurudumu mawili, kabla ya kushika lami. Ukisahau, usukani unakuwa mzito na gari linarukaruka kwenye kona. Ndicho unachokisikia wewe.

Outback yako haina liva. Kazi hiyo inafanywa na klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa giaboksi, ikiogelea kwenye oili ileile ya giaboksi. Kompyuta ndiyo inayoiambia ikaze au ilegee, kupitia solenoidi, yaani valvu ndogo ya umeme, ambayo mafundi wa Subaru huiita Duty C. Ukiwa juu ya theluji, hata klachi ikikaza mno, tairi linateleza kidogo na mkazo unatoka kwa chini bila wewe kujua. Kwenye lami kavu hauna pa kutokea. Unajikusanya kwenye propela mpaka tairi moja likubali kuruka.

Sasa tuje kwenye yale matairi mawili. Tairi jipya la kawaida lina meno ya kina cha milimita 8 hivi. Tuseme ya nyuma yamebakiwa na milimita 4. Tofauti ya milimita 4 kwenye kina ni tofauti ya milimita 25 kwenye mzingo wa tairi zima. Kiwango cha Subaru ni kwamba matairi yote manne yasipishane mzingo kwa zaidi ya milimita 6.4, yaani robo inchi. Kwa makadirio hayo umepita mara nne. Outback ya mwaka wako huvaa 225/60R16, ambalo mzingo wake ni mita 2.1 na ushee. Piga hesabu: kila kilometa moja unayokwenda, hata barabara ikiwa imenyooka kama rula, matairi ya nyuma yanatakiwa yasigane na ya mbele kwa mita 12 hivi. Msuguano wote huo unabebwa na klachi ile ndogo. Umefanya hivyo tangu Desemba.

Sikulaumu. Aliyekuuzia matairi alipaswa kukuuliza gari ni la aina gani kabla hajapokea fedha yako. Hata kama lisingekuwa fowili, mawili mapya hayakupaswa kwenda mbele. Kwenye barabara ya kuteleza, matairi yenye meno mengi hufungwa nyuma, la sivyo mkia unaweza kukupita kwenye kona.

Kabla hujatoa dola hata moja, fanya kipimo hiki mwenyewe. Fungua boneti, tafuta kikasha kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, yaani kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa kawaida kiko kitupu. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali pake. Chomeka fyuzi ya akiba humo, washa gari, hakikisha taa ya FWD imewaka kwenye dashibodi. Subaru waliiweka kwa ajili ya siku unapofunga tairi dogo la akiba, kwa sababu walijua tairi la kimo tofauti linaua klachi hii. Fyuzi ikiwamo, solenoidi inapata umeme wote, klachi inaachia, na gari linavutwa na mbele peke yake. Nenda kwenye maegesho matupu yenye lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu, kulia na kushoto.

Likizunguka laini, furahi. Solenoidi ni nzima, klachi bado inaweza kuachia, na kwa uzoefu wangu ugonjwa uko kwenye matairi na oili iliyochoka. Iache fyuzi humo mpaka matairi yawe sawa, huku ukikumbuka kwamba kwa muda huo huna fowili. Likiendelea kukaza ilhali taa ya FWD inawaka, kuna mawili: solenoidi imekufa (ikikosa umeme klachi hukaza moja kwa moja, ndivyo ilivyoundwa), au sahani zimechimba mifereji kwenye ngoma inayozishika na zinakwama humo. Yote mawili hufikiwa kwa kushusha bomba la moshi na propela, kisha kufungua kasha la mkiani. Giaboksi yenyewe inabaki garini. Fundi asiyejua hilo ndiye anayekutajia bei ya giaboksi nzima. Tazama pia taa ya AT OIL TEMP unapowasha gari: ikipepesa mara nyingi kisha ikazima, kompyuta ya giaboksi imeandika kosa, na mashine ya kusoma kompyuta italitaja.

Tuseme fyuzi imekupa habari njema. Vuta stiki ya oili ya giaboksi injini ikiwa ya moto na inanguruma. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, imwagwe. Kumwaga mara moja hutoa chini ya nusu ya oili yote, kwa hiyo mimi humwaga mara tatu, gari likitembea siku kadhaa kila baada ya kumwaga. Nimeona klachi zilizokuwa zikishikashika zikipona kwa hilo tu, na nimeona zisizopona. Ni matibabu ya bei ndogo, anza nayo.

Na hapa nakuomba uwe macho. Chini ya gari hili kuna plagi tatu za kumwagia oili: ya injini, ya giaboksi, na ya difu ya mbele, ambayo ina oili yake na stiki yake. Niliwahi kuletewa Outback kama yako imetoka kubadilishwa oili ya injini kwenye duka la haraka. Walimwaga giaboksi, kisha wakajaza injini juu ya oili iliyokuwamo. Mama wa watu aliendesha maili sita tu. Giaboksi ile sikuweza kuiokoa. Tangu siku hiyo namwambia kila mwenye Subaru: simama pale fundi anapofungua plagi, na kabla hujaondoka vuta stiki zote tatu.

Matairi sasa. Suluhisho safi ni manne mapya, ya saizi moja, ya kampuni moja na muundo mmoja. Kama fedha hairuhusu, tafuta mawili yaliyotumika yanayolingana na ya nyuma, uuze hayo mapya yangali na thamani. Zipo pia karakana zinazonyoa tairi jipya lilingane na lililokwisha. Ya nyuma yakiwa bado na meno ya kutosha, hiyo ni njia ya heshima kabisa. Ukishayapata manne, yahamishe mbele na nyuma kila maili 6,000 hivi ili yaishe pamoja. Na kwa baridi ijayo, anza kuweka akiba ya seti nyingine ya matairi ya theluji, yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na Januari ya Minnesota unaijua. Fowili inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya matairi, na gari lako husimama sawasawa na la jirani yako lisilo fowili.

Nimekaa sana kwenye giaboksi kwa sababu ndiyo iliyokutisha. Lakini swali lako la kutengeneza au kuuza halitaamuliwa na giaboksi. Litaamuliwa na kutu.

Chumvi inayomwagwa barabarani huko inageuza theluji kuwa maji ya chumvi, na maji hayo yanaingia kwenye kila mshono wa bati. Chini ya nyuzi 9 hasi za Selsiasi hivi chumvi ya kawaida hupoteza nguvu ya kuyeyusha, kwa hiyo siku za baridi kali kutu husinzia. Inaamka joto linapopanda. Ndiyo maana gari lililolala kwenye gereji yenye joto, limejaa theluji ya chumvi chini, huoza haraka kuliko lililolala nje. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, maana wanadhani wanalilea. Minnesota hakuna ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari binafsi, tofauti na ndugu zetu wa Uingereza ambao gari likishafika miaka mitatu lazima likaguliwe kila mwaka. Kwako hakuna atakayekuambia kwamba chini kumeoza. Lazima uende kutafuta mwenyewe.

Lipandishwe kwenye lifti, uwepo. Kutu ya madigadi unayoiona ni aibu tu, haiui. Mwambie fundi agonge kwa nyundo ndogo sehemu ambapo mikono ya saspensheni ya nyuma imefungwa kwenye bodi, boriti ya chuma inayobeba saspensheni hiyo, na vizingiti chini ya milango. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, au nyundo inaingia. Kisha apapase paipu za breki kwa urefu wake wote, hasa zinapopita juu ya tenki la mafuta, mahali ambapo matope ya chumvi hukaa na macho hayafiki. Paipu iliyovimba magamba isisubiri mwezi ujao. Itapasuka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, na siku hiyo utakuwa na sababu ya kukanyaga. Akikubadilishia, aweke za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hizo hazishiki kutu.

Harufu ya petroli nina hakika kubwa ni bomba la kujazia mafuta. Liko nyuma ya plastiki ya madigadi ya gurudumu la nyuma kulia, na lina ngao ya bati inayokamata mchanga na chumvi kama mfuko. Subaru za miaka yako hutoboka hapo sana. Kama taa ya injini inawaka na kompyuta inasoma P0442, yaani mvuke wa petroli unavuja kidogo mahali fulani, huenda ndilo hilo. Bomba jipya hufungwa na fundi wa kawaida asubuhi moja. Mpaka lifungwe, usijaze tenki mpaka juu, na usilaze gari ndani ya gereji iliyoungana na nyumba.

Mengine nayapitia haraka. Muulize aliyekuuzia kama mkanda wa taimingi ulibadilishwa ulipofika maili 105,000. Kama hana jibu, hesabu kwamba haukubadilishwa, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni na injini inakwisha. Injini hizi za 2.5 pia huvujisha gasketi ya hedi kwa nje, upande wa chini, hivyo fundi amulike hapo gari likiwa juu. Betri ipimwe kabla ya Novemba.

Chumvi iliyobaki sasa hivi ioshwe wiki hii, kwa maji ya shinikizo kutoka chini, mara mbili. Septemba, gari likiwa kavu kabisa, lipuliziwe chini mafuta ya lanolini, yale ya manyoya ya kondoo, pamoja na ndani ya vizingiti, matundu ya kutolea maji yakiachwa wazi na diski za breki zikikingwa. Ukatae lami nyeusi ya mpira. Inaonekana nadhifu, lakini juu ya kutu iliyokwisha kuanza inafungia maji ndani, na chuma kinaoza usikione.

Kwa hiyo mpangilio wako ni huu: fyuzi kesho asubuhi ukitoka zamu, bure. Lifti na nyundo wiki hii. Nyundo ikiingia kwenye vishikio vya saspensheni, liuze chuma chakavu na usinunue hata tairi. Vishikio vikilia vizima, anza na paipu za breki, kisha bomba la mafuta, kisha matairi manne, kisha oili ya giaboksi. Zile dola 3,000 za gereji usizitoe. Ukishazunguka kwenye maegesho, niandikie fyuzi imesemaje, na unitajie kina cha meno ya kila tairi kwa milimita, moja moja.