Kupima joto linalopita kwenye silinda hedi: angalia tundu kabla ya mita

Kama unataka kujua joto kiasi gani linapenya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda za injini), usikimbilie kununua mita ghali. Themokapo (vihisi joto vya waya) mbili za aina ya K, unene milimita 1.5, zinatosha. Vipimo vingi huharibikia kwenye keekee.

Toboa matundu mawili kutoka nje kuelekea chumba cha mwako, mahali ambapo hutakutana na njia ya maji. La kwanza liishie milimita 2 kabla ya uso wa ndani, la pili milimita 8, yakikaa ubavu kwa ubavu. Kati ya ncha mbili unabaki na milimita 6. Chuma cha kusubu hupitisha takriban wati 50 kwa mita kwa kila nyuzi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 24 ni 50 × 24 ÷ 0.006: kilowati 200 kwa mita ya mraba. Keekee ikipitiliza nusu milimita tu, umekosea asilimia 8 na mita haitakuambia. Pima kina kwa pini baada ya kutoboa. Alama ya tepu kwenye keekee haiaminiki.

Hedi ya alumini ni ngumu zaidi. Inapitisha joto karibu mara tatu, hivyo joto lilelile linakupa tofauti ya nyuzi 8 hivi, wakati themokapo nzuri ya K inaruhusiwa kukosea nyuzi 1.5. Zilinganishe kabla ya kufunga: ziloweke pamoja kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye mafuta ya nyuzi 150, uandike zinavyotofautiana na kulitoa pengo hilo baadaye. (Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94. Usiilaumu themokapo!)

Hewa ikibaki chini ya tundu, ncha husoma pungufu. Tia grisi ya kupitisha joto inayostahimili nyuzi 250, na springi ndogo iisukume ncha. Waya ukiwa mfupi, urefushe kwa waya wa K. Ukiunga shaba karibu na injini, joto la kiungo linaingia kwenye kipimo.

Shikilia mzunguko na mzigo uleule hadi usomaji usogee chini ya nyuzi moja kwa dakika 5. Thamostati inayofungua na kufunga njia ya maji itakuchosha hapa.

Kisha hakiki kwa maji yanayopoza injini. Kilo 0.4 kwa sekunde zikipanda nyuzi 6 zinabeba kilowati 10 (0.4 × 4.18 × 6; 4.18 ni kilojuli za kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja). Kwa kulanti ya nusu kwa nusu (maji na dawa ya kupozea) tumia 3.6 badala ya 4.18, la sivyo utazidisha kwa asilimia 16. Hesabu ya maji ikitoka kubwa kuliko ya ukuta wa chumba, usishtuke: njia ya ekzosi nayo inayapasha.

Njia hii inatoa wastani pekee. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mawimbi ya joto ya kila mwako yameshafifia kabla ya milimita 2. Kuyaona kunahitaji kihisi chembamba kilicho juu ya uso wenyewe.