Usijitungie usimbaji, tumia Signal
Kaka, kwa programu ya kutumiana ujumbe kati ya wahudumu wa afya wa Chamwino na Kondoa, nakusihi usijitungie usimbaji, yaani njia ya kufunga ujumbe ili asiyehusika asiusome. Hesabu zinaweza kuwa sahihi na siri zikavujia kwenye utunzaji wa funguo. Chukua itifaki ya Signal, yaani kanuni zake za kufunga ujumbe, ileile inayotumiwa na WhatsApp. Inakufaa hasa kwa mtandao wa kukatikakatika vijijini: simu ya mpokeaji huacha funguo za awali kwenye seva, hivyo unaweza kumfungia ujumbe hata kama hayuko hewani, na kila ujumbe una ufunguo wake. Makundi makubwa? Tazama MLS, kiwango cha kufunga ujumbe wa makundi, kilicho katika hati ya viwango vya intaneti RFC 9420 ya 2023. TLS, usimbaji wa njia kati ya simu na seva, peke yake haitoshi. Seva bado itasoma habari za wagonjwa. Ukichukua libsignal, maktaba ya msimbo ya Signal, soma kwanza leseni yake, ni AGPL, inayoweza kukudai utoe wazi msimbo wa programu yako.