Geti la shamba linalojifunga lenyewe na gari linapita bila dereva kushuka: la kwetu lilivyotengenezwa

Kama njia ya shambani kwako inapitwa na watu wengine zaidi yako, geti litaachwa wazi. Hilo lichukulie limeshatokea, ndo uanze kupanga. Wala siyo kwamba watu wana roho mbaya, angalia tu kijana wa boda anayekuja kuchukua maziwa alfajiri, ana madumu mawili nyuma, mvua inanyesha, tope la Njombe mnalijua, ili afunge geti inabidi apite, atafute pa kuweka stendi, arudi kwa miguu, afunge, halafu pikipiki ikianguka maziwa yote yako chini. Ukimwambia afunge atakujibu "sawa mzee" na kesho hafungi, na mi siwezi kumlaumu hata kidogo.

Ila hasara ya geti kuwa wazi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwetu upande mmoja ni malisho na upande wa pili ni parachichi. Ng'ombe akiingia kwenye miche ya parachichi aina ya Hass hali majani tu akaondoka, anakata mche, na akikata chini ya pale ulipobebeshwa juu ya shina la kienyeji, kitakachochipua ni shina la kienyeji, Hass yako imeenda na pesa ya mche imeenda. Au ng'ombe wa nje wanaingia na kupe wao, na ndigana kali inaletwa na kupe, sasa una ng'ombe wa maziwa wa kisasa unategemea lita zake halafu joto linapanda na tezi zinavimba, hapo muda wa kumuokoa ni mdogo sana. Au wako wanatoka wanakula mahindi ya jirani na kesi inaanzia kwa mtendaji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja tu na nausema kwa moyo wote: acha kutegemea mkono wa mtu, tegemea uzito wa geti lenyewe. Geti likae kwa namna kwamba kufunguka ni kazi na kufunga ni lenyewe.

Najua kuna njia nyingine, nizipitie haraka. Geti la mota na rimoti ni zuri mjini, shambani umeme unakatika, betri inakufa, na rimoti utampa nani, kila boda? Lile shimo lenye mabomba juu yake ambalo gari linapita ila ng'ombe anaogopa kukanyaga, hilo linafanya kazi kweli, ila mabomba lazima yabebe Fuso yenye mzigo, shimo lazima litoe maji maana masika likijaa tope mnyama anavuka kama barabara ya kawaida, na mnyama akitoka mbio akaingiza mguu kati ya bomba na bomba anavunjika. Punda ndo kabisa. Na bado utahitaji geti la pembeni la kupitishia mifugo. Kwa ranchi kubwa sawa. Kuna zile fimbo mbili zinazoning'iniza nyaya za umeme wa fensi, gari linazipenya zinarudi zenyewe, hizo nazo dereva aliye ndani ya gari hapati kitu ila wa bodaboda anapigwa shoti, kwa hiyo njia inayotumiwa na boda isahau. Texas kule Marekani wana mageti ya kusukuma na bampa, unaligonga taratibu linazunguka unapita linarudi, wenzetu wana mapikapu yenye bampa za chuma, wewe na bampa yako ya plastiki utalia.

Sasa njia yenyewe. Siri yote iko kwenye bawaba, yaani pini iliyo kwenye nguzo na jicho la geti linalozunguka kwenye hiyo pini. Geti la kawaida bawaba ya juu na ya chini zinakaa kwenye mstari mmoja wima, ndo maana ukiliacha popote linabaki popote. Ukiisogeza ya juu itokeze mbele kidogo kuliko ya chini, ule mstari unainama kuelekea upande geti linakofungia, basi geti linapofunguka ncha yake inapanda juu, na kitu kizito kikipandishwa kinataka kushuka. Hakuna springi, hakuna cha kukatika.

Namba za la kwetu ni hizi. Upana mita 4, uzito kama kilo 60, bawaba zimeachana mita 1. Pini ya juu kwenye nguzo inatokeza sm 4 zaidi ya ya chini. Ukifungua nyuzi 90 ncha inapanda sm 16, na nguvu ya kulirudisha ukiipima pale nchani ni kama kilo moja na gramu 200. Inaonekana ndogo lakini kwa bawaba yenye grisi inatosha kabisa. Ukiweka sm 2 nguvu inakuwa nusu, upepo kidogo tu linabaki wazi. Ukizidisha sana nako mama akija na ndoo kichwani hawezi kulisukuma na likirudi linapiga kishindo cha kuvunja komeo.

Kuna kitu cha pili wengi hawakijui. Ukiinamisha kuelekea komeo moja kwa moja, geti likikaribia kufunga nguvu inaisha, linafika taratibu mno na komeo haliingii. Kwa hiyo pini ya chini isogezwe pia sm 1 kuelekea upande ule geti linakofungukia. Hapo hata likishafunga bado linajisukumiza kwenye nguzo, na komeo linaingia kila mara.

Hapa jiandae kubishana na fundi. Wa kwetu ni fundi mzuri wa kuchomelea, mkono wake safi, ila alipoweka pima maji kwenye zile pini akasimama akaniangalia. "Mzee hii imekaa upande, ngoja niinyooshe." Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. "Hapana mzee, watu wakiona watasema nimekosea." Tukachukua mlango wa banda la kuku, tukaulegezea bawaba ya chini na kuirudisha ndani kidogo, akausukuma, ukarudi wenyewe. Akausukuma tena. Baada ya hapo ye ndo akawa ananikumbusha vipimo. Kwa hiyo nakushauri, usimwelezee fundi kwa maneno, muonyeshe kwenye mlango mdogo kwanza.

Na umwambie hivi, kwenye nguzo pini ya juu ndo ndefu, ila kwenye geti lenyewe jicho la chini ndo refu kwa sm 4 zilezile. Akisahau hiyo ya pili geti litakaa limeinama hata likiwa limefungwa na ncha itachimba ardhi.

Nguzo usifanyie mchezo. Geti hili muda mwingi limefungwa, maana yake linavuta nguzo upande mmoja mwaka mzima. Sisi tumetumia nguzo ya mlingoti (mkaratusi) iliyotiwa dawa, kama zile za umeme, huku Njombe na Mafinga zinatengenezwa kwa hiyo hazitafutwi mbali, ikaingia chini mita 1.2 na zege, halafu kutoka juu ya nguzo kuna waya mnene unavuta kurudi nyuma kwenye nguzo nyingine ya fensi. Bila huo waya ardhi ikilowa nguzo inalala kidogo kidogo, na vile vipimo vya sentimita ulivyohangaika navyo vyote vinapotea.

Sasa gari. Kwa boda ni rahisi, komeo lina mkono mrefu wa nondo unaofika usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki, anauinua, anasukuma geti na tairi la mbele, tumefunga kipande cha tairi kuukuu pale linapogusa, anapita, geti linajirudia nyuma yake na komeo linadondoka. Wakati wa kutoka geti linamfungukia yeye, analivuta kwa mkono huku anarudi nyuma kidogo, au anavuta kamba ninayotaka kuieleza.

Kwa gari na trekta kuna kamba. Hii siyo akili mpya, Marekani karne ya 19 wakulima walikuwa na mageti ambayo mtu anavuta mpini unaoning'inia bila kushuka kwenye kigari cha farasi. Unakuta nguzo fupi imesimama pembeni ya njia, kabla ya geti, upande wa dirisha la dereva, ina mpini unaning'inia. Unavuta, komeo linainuka, geti linafunguka mpaka linanaswa na ndoano. Unapita. Mbele kuna nguzo nyingine yenye mpini wa kuachia ndoano, unauvuta kidogo tu na geti linaenda kujifunga. Upande wa ndani na upande wa nje zote ziko hivyo hivyo, nguzo nne jumla, na dirisha letu ni la kulia kwa hiyo anayeingia na anayetoka kila mmoja ana upande wake.

Kamba inatoka kwenye mpini, inapita kwenye kapi lililo kwenye kigingi, ndo inafika kwenye geti. Ifungwe kwenye geti mita moja hivi kutoka kwenye bawaba, usiifunge nchani. Nchani ni nyepesi lakini itabidi uvute kamba karibu mita 6, mkono wa dirishani utazivutaje? Ikiwa mita moja kutoka bawaba unavuta kama mita moja na nusu tu, uzito ni kilo tano hivi, na msuguano wa kapi unaongeza kidogo, mtu yeyote anaweza. Na kile kigingi chenye kapi kisimame nyuma zaidi ya pale geti linapoishia kufunguka, maana kikikaa sambamba na geti lililo wazi kamba inavuta kwa kunyooka tu na geti halifiki kwenye ndoano, linakataa sm chache za mwisho. Waya wa komeo tumetumia wa klachi ya pikipiki tukauunganisha kwenye kamba ileile, ila ukae umekaza zaidi ya kamba ili komeo liinuke kwanza ndo geti lianze kutembea. Kamba yenyewe nailoni nene, ikianza kuchakaa kwa jua unabadilisha, hiyo ni bei ndogo.

Ndoano iwe kwenye nyuzi 90, isizidi sana hapo. Ukiliacha geti lizunguke mpaka liegemee fensi kule nyuma, linalala huko huko, uzito unakuwa umehamia upande wa pili.

Tela naomba mnisikilize vizuri. Trekta likiwa na tela kamwe usipite kwa kusukuma geti, lazima linaswe kwenye ndoano kwanza. Kati ya trekta na tela kuna nafasi, geti likiwa linarudi ncha inaingia pale katikati, na tela likija linalibeba lote na bawaba zake. Hata gari dogo usilisukume na bampa, ncha ya geti inaburuta ubavuni na inaenda kukutana na saiti mira. Anayesukuma ni wa boda na wa miguu tu.

Mengine ni madogo ila yana maana. Geti liwe la mabomba ya wazi, usilizibe na bati, Njombe kuna upepo na bati ni tanga, litafunguliwa au litazuiwa kufunga hata uinamishe bawaba vipi. Mabomba ya chini yabane zaidi kama una ndama au mbuzi. Pale linapogonga nguzo ya komeo weka kipande cha tairi, kelele inapungua na komeo linaishi. Watoto, jamani, watoto wanapenda kulipanda na kubembea maana linarudi lenyewe, na upande wa bawaba panabana kidole kwelikweli, kwa hiyo pale tumeweka kipande cha mpira kinachoning'inia kuziba ule uwazi, na watoto wameonyeshwa kwa nini. Kama watu wa miguu ni wengi wawekee kilango chao pembeni, kile cha kona ambacho mtu anajipinda anapita na ng'ombe hawezi, geti kubwa litapumzika.

Na kiangazi wakati watu wanachoma mashamba, kila mtu wa nyumbani ajue kulinasa lile geti kwenye ndoano, hata bibi. Moto ukija unataka mifugo itoke, na geti linalojifunga lenyewe litawafungia ndani usipolishika. Ndo maana ndoano yetu ina mkono wa kawaida pia wa kushika kwa mkono, haitegemei kamba.

Matunzo ni grisi kwenye pini zote mbili kabla ya mvua za Novemba na tena katikati ya masika. Pini ya chini ndo inakula haraka maana tope linaruka pale, kwetu imefunikwa na kipande cha bomba la plastiki. Ukiona geti limeanza kuchelewa kufunga usikimbilie kumwita fundi abadilishe vipimo, anza na grisi, halafu weka pima maji kwenye nguzo uone kama imelala, na ukikuta imelala kaza ule waya wa nyuma.