Hukumu ya Kutumia na Kuacha Dawa za Sonona

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilipatwa na huzuni nisiyoijua chanzo chake, ilhali mume wangu ni mwema na mtoto alizaliwa mzima. Daktari alinipa sertralini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), na baada ya wiki kadhaa nikaanza kupata nafuu. Ilipokaribia Ramadhani wifi yangu akaniambia kwamba mwenye Qur'ani kifuani hahitaji vidonge, basi nikaviacha ghafla ili tawakkul yangu, yaani kumtegemea Allah, itimie. Nikashikwa na kizunguzungu, kichwa kikawa kama kinapigwa shoti ya umeme, usingizi ukatoweka, na saumu za siku kadhaa zikanishinda. Wengine wanasema ni jini. Je, nilipata dhambi kwa kutumia dawa hizo, na ninaruhusiwa kuziacha?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba wake.

Dada yangu, hukupata dhambi yoyote kwa kutumia dawa. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Hakuutoa humo ugonjwa wa nafsi. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa kale aliyefariki mwaka 322 Hijria, alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila ya sababu anayoijua, akasema kuwa hii ya pili asili yake imo mwilini na hutibiwa kwa tiba ya mwili. Hali uliyoieleza inafanana mno na hiyo ya pili.

Huenda wanaokulaumu wakaitegemea Hadithi ya mwanamke mwenye kifafa, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambaye Mtume alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo au kuombewa apone, naye akachagua kusubiri. Hadithi hiyo ni sahihi, na ni miongoni mwa hoja za wanazuoni wengi kwamba kujitibu kwa asili yake si wajibu. Katika madhehebu ya Shafi ni sunna. Lakini mwanamke yule alipewa hiari, hakulaumiwa wala hakulazimishwa, na subira yake ilikuwa juu ya nafsi yake mwenyewe, wakati wewe una mtoto mchanga anayekutegemea, na sonona ikizidi inaweza kumfikisha mtu kwenye kutamani kufa. Pale ambapo kuacha tiba kunahofiwa kuleta maangamizi, hukumu inabadilika, na Allah amesema tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi (2:195).

Ama hali iliyokupata, madaktari wanaijua: mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa ghafla huleta kizunguzungu, mishtuko kama ya umeme na kukosa usingizi. Usiharakishe kumsingizia jini, wala usidhani kuwa umekuwa mlevi, kwani dawa hizi si kileo. Kuziacha kunaruhusiwa, lakini dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, na kwa kawaida huendelezwa miezi kadhaa baada ya nafuu ili ugonjwa usirudi. Wakati wa kuacha anauamua daktari pamoja nawe. Si wifi, na wala si mimi. Rudi kwake wiki hii, wala usijirudishie dozi ya zamani mwenyewe. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, wewe au mtoto, mwambie mumeo akupeleke hospitali saa hiyo hiyo. Dua ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, iliyopokewa na Bukhari, isome asubuhi na jioni pamoja na dawa, si badala yake.

Siku ulizofungua kwa ugonjwa utazilipa utakapopata nguvu, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 185, na huna dhambi. Kwa Ramadhani ijayo, ikiwa bado unatumia kidonge kimoja kwa siku, muulize daktari kama utakinywa wakati wa futari au daku, na akikukataza kufunga, usifunge. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.