Kabla hujampa kura muulize hiyo ofisi inafanya kazi gani

Jamani nyie mliopata uraia huku Marekani na ndo mnaanza kupiga kura, hasa tuliopo Texas, nisikilizeni kwa hili manake mimi limenitia hasara.

Kura yangu ya kwanza nilimpa mgombea ukamishna wa kaunti, jamaa ana sauti ya kuvutia, kila mkutano serikali ni mzigo, serikali inakula tu hela zenu, na mwaka ule kodi ya nyumba tunayolipa serikalini ilikuwa imenikaba nikaona huyu ndo wetu. Kwenye ukumbi wa kanisa mama mmoja alinyoosha mkono akamuuliza, ukishinda, Jumatatu asubuhi unaanza na kazi gani? Akajibu "nitapunguza". Ukumbi mzima makofi, na mimi nikiwemo.

Sasa huku kamishna wa kaunti ndo mwenye barabara na mitaro. Alipoingia, kila fundi aliyestaafu nafasi yake ikabaki wazi, mtaro wa nyuma ya kwetu ukajaa matawi na tope, napiga simu inaita weee, siku nikapokelewa kijana ananiambia kaka tumebaki wawili eneo zima. Mvua ya Mei ikapiga usiku kucha, alfajiri nashusha mguu kitandani nakanyaga maji.

Ndo nikaanza kufuatilia hizi habari za serikali ni mzigo, nikakuta ni za siku nyingi. Rais Ronald Reagan akiapishwa Januari 20, 1981 alisema serikali siyo suluhisho la tatizo letu, serikali ndiyo tatizo, ila alianza kwa kusema "katika mgogoro huu tulionao", na hicho kipande cha mwanzo wengi wanaomnukuu wanakiruka. Rick Perry, gavana wetu wa zamani, kwenye mdahalo wa wagombea urais wa 2011 alitaja wizara tatu za kufuta, ya tatu ikamtoka kichwani mbele ya nchi nzima. Ilikuwa ya Nishati. 2017 akapewa hiyo hiyo aiongoze, na mbele ya maseneta akakiri anajutia kauli yake baada ya kuelezwa kazi zake, yaani wizara inayotunza silaha za nyuklia za Marekani! Mick Mulvaney naye akiwa mbunge aliunga mkono kufutwa kwa ofisi ya kulinda wakopaji iliyoundwa baada ya msukosuko wa 2008, alipokaimishwa uongozi wake, Januari 2018 akaomba bajeti ya robo mwaka dola 0.

Simsemi kila anayetaka serikali ndogo. Kuna anayeijua kazi vizuri na anataka ifanyike kwa hela kidogo, huyo msikilize sana. Ninayemwogopa ni yule ambaye kazi yenyewe haijui na hataki kuijua, manake ikiharibika mkononi mwake anasema si niliwaambia serikali haifai, anaombea kura tena humo humo.

Kwa hiyo nendeni kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, viko wazi kwa yeyote, na mgombea muulizeni lile swali la yule mama. Msikubali "nitapunguza", muulizeni anapunguza nini na ile kazi anabaki nayo nani. Uchaguzi uliofuata nilimuuliza mgombea mwingine, naye anataka kupunguza matumizi, akanitajia katapila ngapi za kaunti ni mbovu, mitaro gani inazibuliwa kabla ya Mei na ipi inasubiri. Huyo nikampa kura yangu.