Re: Nikihakiki riwaya ya njozi, najikuta nimesimulia kitabu kizima

Salamu ndugu. Umesema ukimaliza kueleza falme, majini na ramani, maneno 600 yamekwisha na hujasema kama kitabu kinafaa. Hata mimi niliumwa na huo ugonjwa.

Angalia kwanza aya yako ya mwanzo. Ina majina mangapi mageni? Yakizidi mawili, futa. Mimi humsimulia mdogo wangu kitabu tukiwa kwenye matatu kutoka Kondele kwenda mjini Kisumu. Tukishuka kabla sijamtaja mhusika na anachokitaka, najua nimezama kwenye ramani.

Riwaya ya sayansi nayo, chagua jambo moja geni tu. Kwa Walenisi ya Katama Mkangi (1995), inatosha kusema Dzombo anahukumiwa kifo kwa kufungiwa katika chombo kinachorushwa angani. Kisha rukia swali lenye utamu: kwa nini Walenisi, jina la sayari anakofika, ukilitamka polepole, linasema "wale ni sisi"? Hapo msomaji atakitafuta kitabu mwenyewe.

Vitabu vya kujiendeleza, usivihakiki kabla hujavijaribu. Kimoja kiliniamuru niamke saa 11 alfajiri. Siku ya nne nililala juu ya kaunta ya duka, mteja akaniamsha kwa kugongagonga sarafu. Niliandika hivyo hivyo, na ndio uhakiki wangu uliosomwa kuliko yote.

Kinachonishinda bado ni mwisho wa hadithi: kusifu bila kuufichua. Mwenye mbinu anisaidie.