Basi la saa sita na nusu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili, kisha nikampa baba yako, akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Umeniuliza: "Mama, siku yangu ya kwanza shule kule Oman, mbona hukunipeleka wewe? Nakumbuka bibi mmoja wa leso na teksi ya rangi ya chungwa. Alikuwa nani yule?" Ukaongeza kwamba unauliza kwa sababu Agosti unakwenda Doha kufundisha, na wanao wataanza shule siku ile ile utakayoanza wewe, kwenye jengo jingine kabisa.

Miaka 20 nimeishi na swali hilo, nikiomba usije ukaliuliza. Haya, umeliuliza.

Sikukupeleka kwa sababu nilidhani unaanza mchana. Na nilidhani hivyo kwa kiburi changu tu, hakuna aliyenidanganya.

Tulifika Septemba 2005, tukiwa na masanduku manne na sufuria moja ambayo baba yako alikataa kuiacha. Yeye alipata shule ya kufundisha Nizwa, ndani huko milimani, kiasi cha kilomita 160 kutoka Maskati. Mimi nilipata Seeb, pwani, karibu na uwanja wa ndege. Shuleni kwangu masomo yote yalikuwa kwa Kiarabu isipokuwa Kiingereza changu, na wewe Kiarabu chako kilikuwa Juzuu Amma ya Qurani basi. Ndiyo maana tukakutafutia shule ya Kiingereza. Watu watatu, shule tatu, na zote zinafunguliwa Jumamosi moja. Usishangae Jumamosi. Wakati ule mapumziko ya Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Mpaka Mei 2013 ndipo yalipohamia Ijumaa na Jumamosi. Baba yako aliondoka Ijumaa baada ya swala, akaniachia wewe na funguo.

Sasa sisi watu wa pwani, tukifika Uarabuni, hujiona kama tumefika kwa mjomba. Wiki ile ya kwanza nilikuwa naingia dukani nikitembea kifua mbele. Sabuni wanasema sabun. Daftari, daftar. Kalamu, qalam. Ghali ni ghali vile vile, na inauma vile vile. Nilimwambia baba yako Kiarabu ni Kiswahili kilichovaa kanzu. Yeye, mtu wa hesabu, akaniambia ningoje kwanza nisikie watu wakigombana.

Alhamisi jioni simu ya nyumbani ikalia. Mwanamume, msimamizi wa mabasi ya shuleni kwako. Alisema maneno mengi, mimi nikadaka mawili matatu: bint, al-bas, na mwisho kabisa, wazi kama adhana, "sa'a sitta wa nuss." Nikajibu "tayyib, tayyib" upesi upesi, asije akagundua kwamba mengine yote yamenipita. Ningeweza kumwomba arudie kwa Kiingereza. Sikuomba. Nikakata simu, nikaandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji: BASI SAA SITA NA NUSU.

Wala sikuona ajabu. Shule niliyokuwa nikifundisha Tanga ilikuwa na zamu mbili, wadogo asubuhi, wengine mchana. Nikasema kumbe na huku ni hivyo hivyo, mwanangu kapangiwa mchana, atalala vizuri.

Umeshaelewa, najua. Wewe una akili za baba yako. Sitta ni sita, nuss ni nusu, lakini saa yao inahesabiwa kuanzia usiku wa manane na yetu inaanza jua linapochomoza. Saa sita na nusu yao ya asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu yetu. Neno ni lile lile, mwanangu, na ndilo lililonimaliza. Angelisema neno nisilolijua ningeuliza.

Yule bibi alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu. Sisi tulimwita Bibi wa Juu, na wewe ukalifupisha ukawa unamwita Bijuu. Siku ya pili tu baada ya kufika nilikuwa ngazini nakukaripia kwa kuburuta sanduku, sauti ikatoka juu: "Muache mtoto, sanduku nipe mimi." Kiswahili cha Unguja, safi kabisa! Nilitaka kulia. Alizaliwa Unguja, aliondoka msichana mwaka 1964, akakaa Dar es Salaam, akaja Oman miaka ya sabini pamoja na wengi wengine wa asili ya Oman kama yeye, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kufungua milango. Alikuwa akivaa leso ndani ya nyumba na abaya nje. Siku ile kwa haraka alitoka na leso yake vile vile. Ndiyo leso unayoikumbuka.

Jumamosi alfajiri nilikubeba ukiwa umelala nikakupeleka kwake, nikamwambia basi lako litakuja mchana, basi langu linafika saa kumi na mbili kamili. Sikutaja saa sita na nusu. Ningeitaja angenirekebisha pale pale mlangoni.

Ya shuleni kwangu nitakwambia kidogo, maana ndiyo uliyokuwa ukiniulizia tangu ukiwa mdogo. Watoto walikuwa wamejipanga uwanjani kwa kile wanachokiita taabur: Qurani inasomwa, bendera, wimbo wa taifa, yote kabla jua halijawa kali, na Septemba ya Oman jua huwa kali mapema. Wavulana kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono. Wao huziita kumma, lakini wewe na mimi tungeziona Forodhani kule Unguja tusingegeuka hata kutazama. Nikasema niko nyumbani. Nikaingia darasani, nikafungua daftari la mahudhurio, na jina la kwanza likanishinda. Khamis nikamwita Hamisi, kama niko Ngamiani, Tanga. Darasa zima likaangua kicheko. Kila nilipofika kwenye herufi ya 'ayn nilikuwa nameza tu. Watoto wa miaka minane, mwanangu, wakawa wananifundisha kusoma majina yao, mmoja mmoja, wakinyoosha shingo wanionyeshe sauti inatokea wapi kooni. Mmoja nyuma kabisa akainua mkono akaniambia kwa kunong'ona, "Tiicha, mimi najua Swahili. Bibi anasema kuja kula." Hayo ndiyo yote aliyoyajua, na yalinitosha mpaka mapumziko.

Chumba cha walimu kilikuwa Misri, Sudan na Jordan ndogo. Mwalimu mmoja wa Kisudani, mama wa makamo, ndiye aliyenieleza kwa nini wageni tulikuwa wengi hivyo: mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu na wanafunzi 909, wote wavulana. Miaka 35 baadaye kila mtaa una shule, na walimu wenyeji ndio kwanza walikuwa wanaongezeka. Alikuwa na watoto wanne katika shule tatu. Nikamuuliza siku ya kwanza ya kila mwaka anafanyaje. Akasema anazima simu mpaka kipindi cha tatu, maana akiiacha wazi hafundishi.

Saa sita na nusu yetu ilipokaribia nikaenda ofisini kuomba ruhusa nipige simu nyumbani. Nikasema "rukhsa", nikijua hilo halina makosa. Karani akaniuliza gari langu aina gani. Rukhsa yake yeye ilikuwa leseni. Tulipoelewana akanipa simu, nikapiga kwa Bibi wa Juu kumwambia akuvalishe. Akanijibu: "Nimvalishe nani? Mwanao yuko shule tangu saa moja unusu."

Nilikaa chini. Basi lilifika saa yake, likapiga honi mara mbili. Yeye akatazama dirishani, akaona jina la shule yako, na papo hapo akajua nimefanya nini, kwa sababu kosa hilo alikwisha kulifanya yeye mwenyewe. Alipofika Oman aliambiwa aende kufuata karatasi zake saa tatu, akaenda saa tatu ya Unguja, saa tisa yao ya asubuhi, akakuta milango inafunguliwa, akadhani hana kosa. Kumbe walikusudia saa tatu yao ya mchana. Alikaa kwenye kibaraza mpaka adhuhuri ikapita. Baba yake, alinihadithia baadaye, alikuwa na saa ya ukutani aliyoirekebisha kila magharibi, jua likizama inasoma kumi na mbili. Waarabu wenyewe zamani walihesabu hivyo. "Wao ndio waliohama," akasema, "sisi tumekaa pale pale."

Basi akakuamsha, akakuvalisha sare, akakupa mkate na chai, akasimamisha teksi, zile nyeupe zenye rangi ya chungwa, akakupeleka mpaka mlango wa darasa. Uliingia umechelewa, mbele ya watoto wote, umeshikwa mkono na mtu uliyemjua kwa siku nane. Mama yako wakati huo yuko kilomita chache tu, anafundishwa na watoto wa watu kutamka Khamis.

Uliporudi hukulia. Ulisema tu, "Mama, Bijuu anajua Kiarabu kweli." Ule ukweli ulinichoma kuliko kilio. Usiku nikaibandua karatasi kwenye friji kabla baba yako hajapiga simu, nikamwambia siku imekwenda vizuri. Alikuja kujua Eid, na aliyemwambia ni wewe. Ndiyo anachokicheka mpaka leo.

Hukuniuliza kama uende Doha au usiende, na mimi sitajitia humo. Ila kwa kuwa utakuwa na wawili na mumeo atachelewa kufika: wiki yao inaanza Jumapili, kwa hiyo usisafiri Ijumaa ukitarajia siku mbili za kupumua. Mwombe mkuu wako mapema, kabla hata hujafungua sanduku, akuruhusu uchelewe saa moja siku ya kwanza. Mimi sikuomba, nikiogopa wataniona mgeni asiyejiweza, na hakuna aliyenikataza. Na jirani atakayekusemesha ngazini, hata kama ana maneno mengi, mfungulie mlango.

Bibi wa Juu alifariki sisi tukiwa tumesharudi. Mwanawe alitupigia simu. Leso ile alikuwa amenipa tulipoaga, iko kwenye sanduku langu la chini, pande zote mbili, haijakatwa. Ukija kuaga uichukue.

Baba yako anakusalimia, magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima. Wabusu wajukuu zangu. Na unijibu hili kabla ya jingine lolote: basi lao huko litapita saa ngapi? Andika kwa tarakimu, na useme ni asubuhi au mchana.

Mama yako